Ndoa zinagombana kwa Kiswahili, washauri wanafunzwa kwa Kiingereza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo gazeti lako, kila linapoandika juu ya ndoa zinazovunjika hapa Dar es Salaam, huligusa juu juu na kupita: ni nani anayemfunza mtu kukaa na mume na mke waliofarakana, na anamfunza kwa lugha gani. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka tisa sasa ni mjumbe wa Baraza la Usuluhishi la Ndoa katika kata moja ya wilaya ya Temeke. Ninayoyasema nimeyaona nikiwa nimekaa kwenye benchi la baraza hilo.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kufika mbele yetu, na Mungu awaepushe, nieleze kwa kifupi kazi yetu ni ipi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 101, inamzuia mtu kwenda mahakamani kudai talaka kabla hajaupeleka mgogoro wake barazani na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kila kata inapaswa kuwa na baraza, na jumuiya za dini nazo zina yao. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Tukishindwa tunaandika hati, na hati hiyo ina uhai wa miezi sita. Mdai akichelewa kufungua shauri hadi muda huo ukapita, imekufa mkononi mwake. Sheria imetaja idadi ya wajumbe, imetaja hati, imewataja hata wale wasiolazimika kupita kwetu, kama yule ambaye mwenzake amemtoroka na hajulikani alipo. Kuhusu mjumbe awe amefunzwa nini kabla ya kuketi, haikusema neno. Mimi nilifundisha Jiografia. Mwenyekiti wetu alikuwa mtunza stoo bandarini. Mjumbe mwingine, ambaye sote tunamwita Bibi, alikuwa kungwi, na pengine ndiye pekee kati yetu aliyewahi kufunzwa jambo lolote kuhusu unyumba.

Miezi michache iliyopita mpwa wangu, binti wa dada yangu, alimaliza shahada ya uzamili ya ushauri nasaha katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Ni binti hodari na msikivu, na alama zake zilikuwa nzuri. Akaniomba, "Mjomba, naomba siku moja nije niketi nanyi nione mnavyofanya." Mwenyekiti akaridhia, na wanandoa waliokuwa na zamu siku hiyo walipoulizwa nao wakaridhia. Walikuwa vijana: mume ni dereva wa bajaji, mke ana genge la mboga, wana watoto wawili, wamepanga vyumba viwili katika kata yetu na wana kiwanja Chanika ambacho hawajakijenga. Ilikuwa wiki ya tano hawasemezani. Baada ya kuwasikiliza kwa nusu saa, mpwa wangu alimgeukia mke, akamwuliza kwa upole kabisa, "Je, unahisi kwamba mipaka ya familia yenu haijawekwa vizuri?"

Yule mwanamke akamtazama, akanitazama na mimi, kisha akajibu, "Mipaka ipo, dada. Hati ndiyo hatujapata."

Alidhani anaulizwa habari za kiwanja cha Chanika. Hakuna aliyecheka. Mpwa wangu akatahayari, akafunua karatasi zake, na ndipo Bibi akaingilia kati kwa sauti ile ile anayoitumia kuulizia bei ya dagaa: "Mwanangu, huyu dada yako anakuuliza hivi: mama mkwe akija kwenu, hupiga hodi?" Mke akainamisha kichwa, akalishika pindo la kanga akawa analikunja na kulikunjua. "Bibi, anaingia mpaka chumbani. Anafunua sufuria." Mume, ambaye tangu afike alikuwa akitazama simu, akaitia simu mfukoni.

Swali la Bibi na swali la mpwa wangu lilikuwa moja. Nalisema hili kwa sababu wapo watakaosoma kisa hiki wakafurahi kwamba usomi umeumbuka, na hilo silo kusudi langu. Habari ya mipaka ndani ya familia ni nguzo ya mojawapo ya mikondo mikubwa ya tiba ya familia (yaani kuisaidia nyumba nzima kwa mazungumzo), ule wa Salvador Minuchin, daktari aliyezaliwa Argentina mwaka 1921 na kufanya kazi zake kubwa Marekani. Alifundisha kwamba kati ya wazazi na watoto, na kati ya nyumba hii na nyumba ya wazee, kuna mipaka isiyoonekana. Ikilegea mno kila mtu anaingilia mambo ya kila mtu, ikikaza mno watu wa nyumba moja wanaishi kama wapangaji. Mpwa wangu alikuwa ameyasoma hayo yote na kuyaelewa. Ila aliyasoma kwa Kiingereza, akayafanyia mtihani kwa Kiingereza, na hata katika mafunzo kwa vitendo, ambako wateja walimweleza shida zao kwa Kiswahili, alimwandikia msimamizi wake ripoti kwa Kiingereza na kujadiliana naye kwa Kiingereza. Hakupata hata siku moja ya kufunzwa jinsi ya kulirudisha jambo lile kwenye kinywa cha muuza mboga. Akalitafsiri mwenyewe, neno kwa neno, papo hapo, mbele ya watu wenye maumivu.

Nilikuwa nikidhani hili ni tatizo letu peke yetu. Mpwa wangu, ambaye kwa wiki kadhaa baada ya siku ile hakulala vizuri, ndiye aliyenionyesha kwamba Marekani wamelipitia, na lugha iliyowapa mtihani huo ni Kihispania.

Nchini humo tiba ya ndoa na familia ni taaluma inayojitegemea, yenye shahada yake ya uzamili na leseni yake. California ilianza kutoa leseni mwaka 1963, na Montana ikawa ya mwisho kati ya majimbo 50 mwaka 2009. California, mtu akishapata shahada hapewi leseni mpaka atimize saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, kwa muda usiopungua wiki 104, na kufaulu mitihani. Saa 3,000! Mimi nilipewa kalamu na daftari la kumbukumbu, nikaanza Jumanne iliyofuata.

Sasa, katika nchi hiyo watu zaidi ya milioni 40 wanazungumza Kihispania nyumbani kwao. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kijana mwenye asili ya Meksiko au Puerto Rico, ambaye amelelewa na bibi asiyejua Kiingereza, akishasomea tiba ya familia ataifanya kazi hiyo kwa lugha zote mbili bila tabu. Haikuwa hivyo. Kihispania chake kilikuwa cha jikoni na cha kanisani; maneno ya kazi yote aliyapata darasani, kwa Kiingereza. Alipokaa na mume na mke akawa kama mpwa wangu, na kibaya zaidi, msimamizi wake mara nyingi hakujua Kihispania, kwa hiyo kilichosemwa chumbani kilimfikia msimamizi kikiwa kimeshachujwa na mwanafunzi mwenyewe. Makosa ya mwanafunzi, ambayo ndiyo hasa msimamizi anapaswa kuyaona, yalibaki kwenye chujio.

Ndiyo maana baadhi ya vyuo vilianzisha njia maalumu. Our Lady of the Lake University, kilichoko San Antonio katika jimbo la Texas, kina mafunzo ya kuwahudumia wazungumzaji wa Kihispania, ambamo baadhi ya masomo hufundishwa kwa Kihispania na wanafunzi huwaona wateja na kusimamiwa kwa lugha hiyo hiyo. Pepperdine, huko California, nacho kina shahada ya uzamili iliyoelekezwa kwenye tiba ya ndoa na familia za watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Anayejiunga anakuja na lugha yake kutoka nyumbani, na chuo kinaichukua lugha hiyo kama kifaa cha kazi ambacho lazima kinolewe.

Kunolewa huko kuna mambo ambayo msomaji wa Kiswahili atayatambua mara moja. Kihispania kina "wewe" wa namna mbili, *tú* kwa mtu wa rika na *usted* kwa mtu wa kuheshimiwa, na mtabibu kijana akimwita mama wa miaka 60 kwa *tú* ameshaharibu kabla hajaanza, kama ambavyo kijana wa kwetu akiingia barazani na kumwambia mzee "mambo" badala ya shikamoo atajibiwa kwa mkato mpaka kikao kiishe. Kisha kuna majina ya maradhi ya moyo. Mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, umeorodhesha namna tisa ambazo jamii mbalimbali hutaja dhiki zao, na tatu kati ya hizo ni za Kihispania: *nervios* (wasiwasi usioisha), *ataque de nervios* (mlipuko wa ghafla wa dhiki) na *susto* (maradhi yatokanayo na mshtuko). Moja imetoka kwa Washona wa Zimbabwe, *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Kiswahili hakimo. Lakini ni nani kati yetu hajawahi kusikia mtu akisema "nina mawazo"? Mgeni wa lugha angedhani mtu huyo amebuni mradi. Bibi akilisikia neno hilo kwa mwanamke, huuliza mara moja kama anapata usingizi na kama anakula.

Utajiri huo wa lugha yetu ndio unaonikera zaidi unapopotea. Tazama maneno matatu tu tunayoyasikia karibu kila wiki: kununa, kususa na kuzira. Aliyenuna amefunga uso lakini chakula anakula. Aliyesusa ameacha jambo alilokuwa akilifanya ili wenzake walione pengo lake. Aliyezira hataki hata cha bure kutoka mkono ule. Mtu akijua mke amefikia lipi kati ya hayo, anajua pia aanzie wapi, na aharakishe kiasi gani. Katika ripoti za mafunzo za mpwa wangu, nilizozisoma kwa ruhusa yake na zikiwa hazina majina, hali zote tatu ziliandikwa kwa Kiingereza kwamba wanandoa wana tatizo la mawasiliano.

Najua pia kwamba hata Kiswahili hakitoshi kila mahali. Mume na mke wenye asili ya Bukoba walizungumza Kiswahili safi mbele yetu kwa saa nzima, mpaka ilipotajwa habari ya mtoto wao aliyefariki. Hapo mke akahamia Kihaya, mume naye akamfuata huko, na sisi tukabaki tumenyamaza. Baadaye mpwa wangu alinieleza kwamba watabibu wa lugha mbili wanalijua jambo hilo vizuri, kwamba mtu huweza kulisimulia jambo zito kwa lugha ya pili kwa sababu humo linakuwa jepesi, na anaporudi kwenye lugha ya mama ndipo linapomlemea. Siku nyingine, na hili nalisema kwa aibu, tulimtumia mtoto wa miaka 12 kututafsiria maneno ya bibi yake aliyekuja kutoka Newala na aliyezungumza Kimakonde tu, naye bibi akawa anaeleza matusi ambayo baba wa mtoto yule yule alimtukana. Marekani, tangu kanuni za mwaka 2016, huduma za afya zinazopokea fedha za serikali kuu haziruhusiwi kumtegemea mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwa dharura. Sisi hatukuhitaji kanuni kuliona kosa hilo, tulihitaji mtu mmoja tu aliyefunzwa, akatuambia, "Wazee, huyu mtoto atoke nje."

Kuna watakaosema kwamba elimu hii ni ya kigeni na kwamba tuna wazee, washenga na makungwi. Nusu ya hoja hiyo naikubali, na hata Minuchin angeikubali, kwa kuwa huko Philadelphia, alikoongoza kliniki ya watoto tangu mwaka 1965, yeye na wenzake Jay Haley na Braulio Montalvo waliwachukua wakazi wa mitaa maskini, watu wasio na shahada, wakawafunza kuwa watabibu wa familia huku wakiwatazama kazini kupitia kioo cha upande mmoja. Walijua kwamba lugha ya mtaa haifundishwi kwa miaka miwili. Lakini watu hao walifunzwa. Nusu ya pili ya hoja siikubali, na sababu yake ni mwanamke mmoja.

Alikuja na mumewe miaka minne iliyopita. Alikuwa amejitanda mtandio mpaka karibu na jicho la kushoto. Tuliwaketisha pamoja, bega kwa bega, kama tulivyokuwa tukiwaketisha wote, tukamwuliza mbele ya mumewe kama kuna tatizo. Akasema hakuna tatizo, ni hasira za kawaida tu. Bibi, Bibi huyu huyu ninayemsifu, akamwambia ndoa ni kuvumiliana. Mwenyekiti akaandika kwamba wamepatana, sote tukatia saini. Baada ya wiki mbili alikuwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na safari hiyo mtandio haukutosha kuficha. Mwanafunzi yeyote aliyefunzwa tiba ya ndoa vizuri anajua kwamba ukihisi kuna kipigo, unamwona kila mmoja peke yake kwanza, na kwamba kuna nyumba ambazo hutakiwi kuzipatanisha bali kumtoa mtu salama. Sisi hatukujua. Siku hizi tunafanya hivyo, kwa sababu mpwa wangu alituambia, na kwa sababu Bibi hakubisha.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama iko tangu mwaka 1973, Muhimbili wanafundisha saikolojia tiba katika ngazi ya uzamili, na vyuo vingine vinatoa shahada za ushauri nasaha. Jirani zetu Nairobi wana hata shahada ya uzamili ya tiba ya ndoa na familia, katika Pan Africa Christian University, na tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, wakati huku mtaani kwetu naona kibao cha "mshauri wa ndoa" kimetundikwa juu ya duka la vocha. Siombi shahada zetu zifundishwe zote kwa Kiswahili. Vitabu vingi ni vya Kiingereza na itakuwa hivyo kwa muda. Naomba sehemu moja tu ibadilike, ile ya mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi amwone mteja kwa Kiswahili, msimamizi asikilize kwa Kiswahili kile kilichosemwa, tena ikibidi kutoka kwenye kinasa sauti kwa idhini ya mteja, na majadiliano yao yawe kwa Kiswahili. Na asihitimu mpaka aweze kumweleza muuza mboga jambo lolote aliloliandika kwenye tasnifu yake bila mtu kudhani anauliza habari za viwanja.

Mabaraza ya kata yanaweza kuwa mahali pa mafunzo hayo, mradi wanandoa waridhie na madirisha yafungwe, maana vikao vyetu vingine mtaa mzima huvijua kabla ya magharibi. Wanafunzi watapata lugha kwetu, nasi tutapata elimu kwao. Wataalamu wa TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wale wa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ambao wamekwisha kutupatia istilahi za sheria na za kompyuta, waje nao wakae benchini kabla ya kutunga istilahi za taaluma hii, wasije wakatuletea neno refu mahali ambapo "hodi" ilikuwapo siku zote. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake mume na mke watasikilizwa na hakimu kwa Kiswahili siku ya kuachana, ilhali yule aliyepewa kazi ya kuwazuia wasifike huko aliisomea kazi hiyo kwa lugha nyingine.

Wale vijana wenye kiwanja Chanika walirudi kwetu baada ya wiki tatu. Safari hii mpwa wangu aliketi karibu na Bibi, akiwa na daftari. Mume alisema amezungumza na mama yake mwenyewe, bila kumtuma mke, na ametia komeo kwenye mlango wa chumba, mama hakufurahi. Bibi akauliza kama akija kwao bado anakula. Wakasema anakula.

"Basi amenuna tu," Bibi akasema, na mpwa wangu akaandika.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam